Mbega wa Mau Juu ya Kitambaa Cheupe



Ndugu wasomaji, wiki hii naandika juu ya sindano na uzi, nami nina sababu. Juma lililopita binti yangu, ambaye ameolewa Kisauni na anatarajia mtoto wake wa kwanza inshaAllah, alimpigia simu mama yake huku Elburgon kuulizia blanketi la mtoto. Mama yake akamweleza kwamba blanketi limeshakatwa na kwamba litadariziwa wanyama wa msitu wa Mau: mbega, bongo, perere na nungunungu. Binti akanyamaza kidogo, kisha akaomba nipewe simu mimi. Baada ya salamu hakuniuliza habari za afya wala za baridi ya huku. Aliuliza, "Baba, na mbega huyu naye atafumuliwa?"

Swali hilo lina umri wa miaka kadhaa, na bila ya kulieleza sitaweza kuingia katika rangi na mishono, jambo ambalo mama watoto ameniagiza nilifikishe kwenu kwa ukamilifu.

Mnamo Februari 2018 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mji wetu huu ni mji wa mbao. Mtu anayetoka Njoro kuelekea Molo huinusa harufu ya msaipresi uliopasuliwa kabla hajauona mji wenyewe. Mashine zikanyamaza. Jirani zetu wawili, ambao waume zao walikuwa wapasuaji mbao, walikuja kwa mama watoto kujifunza kudarizi vitambaa vya viti, kwani huku bara sebule isiyokuwa na vitambaa juu ya makochi huhesabiwa kuwa bado haijahamiwa. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka kumi na sita, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Akadarizi mbega juu ya foronya ya mto. Nami nikitoka msikitini baada ya Alasiri nikamwona mbega yule, nikakumbuka Hadithi moja, nikatamka neno moja tu: "Fumua."

Akafumua. Hakubisha. Jirani mmoja, Muislamu mwenzetu, aliposikia habari hiyo naye akafumua foronya nne zilizokuwa zimeagizwa na mteja, na malipo yake yakapotea katika mwezi ambao mumewe hakuwa na kazi. Uzi ukishatoka, matundu ya sindano hubaki. Foronya ya binti yangu bado imo sandukuni mwetu, na ukiinyoosha mbele ya dirisha utamwona mbega mzima, kichwa hadi mkia, kwa matundu.

Hadithi niliyoikumbuka ni sahihi, na makemeo kwa wenye kuchora viumbe vyenye roho si jambo la kupuuzwa. Lakini niliitaja peke yake, na mtu aliyesomeshwa chuoni hapaswi kufanya hivyo. Bi Aisha (r.a.) alitundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akaliondoa, na katika mapokezi hayohayo tunaambiwa kwamba kitambaa hicho hakikutupwa, bali Bi Aisha alikikata akafanya mito ya kuegemea. Ni yeye pia aliyekuwa, katika mapokezi ya Abu Dawud, na kifarasi cha kuchezea chenye mbawa za vitambaa, naye Mtume alipokiona alicheka. Bi Rubayyi' bint Mu'awwidh ameeleza jinsi walivyowafanyia watoto wao vitu vya kuchezea vya sufi siku ya kufunga Ashura, ili wasahau njaa. Abu Talha amepokea kauli inayobagua nakshi iliyomo katika nguo. Imamu an-Nawawi, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafi, aliifahamu nakshi hiyo kuwa ni ya miti na mfano wake, na akashikilia katazo la kuchora chenye roho hata katika nguo. Lakini al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Sayyidna Abubakar na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, alionekana nyumbani kwake Makka akiwa na pazia lenye picha ya ndege anqaa na ya qundus, yule mnyama mwenye manyoya akaaye mitoni. Al-Qasim ndiye huyohuyo aliyeipokea kwa shangazi yake habari ya pazia lililoondolewa. Hakuwa mtu asiyejua.

Sitoi fatwa kwa gazeti. Mwenye kushika kauli nzito, ashike na asibezwe. Na kwa ajili yake nitataja nakshi za majani huko mbele. Nyumbani kwangu tumekubaliana hivi: wanyama wawe katika matandiko na vitu vya watoto, na katika mito inayokaliwa na kuegemewa, wasiwe katika kitu cha kutundikwa ukutani, wala mswala, wala nguo ya kusalia. Jirani yule nilimfuata nikamwomba radhi na kumlipa thamani ya foronya zake. Alizipokea fedha, akaniambia kwamba foronya zilikuwa nzuri. Nilistahiki kuambiwa hivyo.

Sasa tushike sindano.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na utotoni nilizoea kukaa miguuni pa bibi yangu akidarizi kofia za viua. Wengi wenu mmekulia katika kazi hiyo. Kofia ya viua ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na uzuri wake wote unatokana na kivuli kidogo kilichomo ndani ya kila tundu. Nimelitaja hili kwa kuwa mbega ndiye mnyama aliyemsumbua mama watoto kuliko wote, na tatizo lake ni hilohilo la weupe juu ya weupe. Mbega wa Mau ana mwili mweusi, na vazi refu la singa nyeupe linaloanzia mabegani, likateremka ubavuni na kukutana nyuma kiunoni, kama mtu aliyejitanda shuka. Uso wake umezungukwa na weupe pia. Ukimdarizi juu ya bafta nyeupe, singa zote hupotea na kinachobaki ni doa jeusi. Binti yangu zamani alijaribu kuliokoa jambo hilo kwa kuchora mpaka mweusi kulizunguka vazi zima, na mbega akaonekana kama amefungwa waya.

Dawa yake ni kuanza na rangi ya kitambaa kabla ya rangi ya uzi. Safari hii mama watoto amechagua kitambaa cha rangi ya majivu yenye ukijani kidogo, rangi ya ukungu wa Elburgon saa moja asubuhi, wakati misaipresi inapoonekana nusu. Juu yake nyeupe huonekana na nyeusi huonekana. Mwenye kutaka bafta nyeupe kwa lazima, na awaweke majani ya kijani nyuma ya mnyama kwanza.

Nyeusi nayo ina hila zake. Uzi mweusi mtupu ukijaza mwili mzima hufanya shimo. Mwangalieni mnyama mweusi akiwa juani: mgongoni weusi unaelekea ubuluu au ukijivu, tumboni unaelekea kahawa iliyokolea. Kwa wanaonunua uzi wa DMC, nyeusi tupu ni nambari 310, kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi ni 3371, na kijivu kilichokolea ni 413. Mama watoto hutumia 3371 kwa sehemu kubwa ya mwili, 413 pale mwanga unapogonga, na 310 kidogo tu, chini ya kidevu na katikati ya vidole. Kwa weupe wa singa hatumii nyeupe ya theluji. Hutumia rangi ya maziwa, na mashinani mwa singa kijivu chepesi, kisha nyeupe safi kwa nyuzi chache za juu kabisa. Mkono wa bibi yangu ungelijua hilo bila ya kuambiwa: weupe hauonekani ila penye kivuli.

Uzi wenyewe wa pamba huuzwa kwa vifungu vya mita 8, na kila uzi ni nyuzi nyembamba sita zilizoshikana. Usiutie wote sindanoni. Kata urefu wa dhiraa moja, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, maana uzi mrefu kuliko huo huchakaa kwa kupita kitambaani na huanza kutoa vinyweleo. Kisha vuta unyuzi mmoja mmoja kutoka kwenye sita. Kwa manyoya tumia mmoja. Kwa mistari ya mpaka na matawi, miwili. Wanawake wengi niliowaona huku hutumia yote sita ili kazi iishe upesi, na mnyama hutoka kama zulia.

Manyoya yote hushonwa kwa mishono inayopishana, mmoja mrefu na mmoja mfupi, safu ikiingia ndani ya safu. Kabla yake, zungusha mpaka wa mnyama kwa mshono ambao sindano yake huchomoza katikati ya uzi wa mshono uliotangulia na kuupasua. Safu ya manyoya itaupanda mpaka huo na kuufunika, na ukingo utakuwa safi. Anza na kilicho nyuma: mguu wa mbali kabla ya mguu wa karibu, mkia kabla ya kiuno, na uje mbele mpaka puani. Manyoya ya mnyama hulaliana kama makuti ya paa, ya mbele yakiyafunika ya nyuma, na anayeezeka huanzia chini.

Na hapa ndipo penye siri ya kazi nzima: mshono ufuate jinsi singa inavyolala. Mama watoto alijifunza hili kwa bongo. Bongo wa milimani ni paa mkubwa wa rangi ya hudhurungi yenye wekundu, mwenye mistari myeupe kati ya kumi na kumi na tano inayoteremka ubavuni, na leo waliobaki porini hawafiki mia moja, wote katika misitu ya Kenya, Mau ukiwamo. Mimi nimekaa hapa zaidi ya miaka ishirini na sijamwona hata mmoja; mama watoto humdarizi kwa picha ya kalenda. Mara ya kwanza aliishona mistari kuanzia juu kwenda chini, mshono wa shina, kama mtu anavyoandika alifu. Bongo akatoka kama mzigo uliofungwa kamba. Alikaa naye siku mbili, kisha akatambua: mstari unateremka, lakini nywele za ndani ya mstari hulala kuelekea nyuma, sawasawa na nywele za hudhurungi zilizo kando yake. Akaishona upya kwa kuukata mstari kwa upana, mishono mifupi ya rangi ya samli ikielekea mkiani, na akaziacha nywele za hudhurungi ziume kingo za mstari kidogo. Mistari ikaingia ndani ya ngozi.

Kwa mwili wa bongo rangi tatu zinatosha: 301 penye mwanga, 400 katikati, 300 tumboni na shingoni. Kwa wasiotumia nambari, niseme mdalasini, karafuu mbichi iliyoanza kukauka, na damu ya mzee iliyotiwa kahawa. Watu wa pwani tunayo majina ya rangi ambayo hakuna duka litakalokuandikia. Tuyatumie tunapowatuma watoto dukani, mradi muuzaji naye awe ni wa pwani.

Jambo moja kuhusu nyekundu na zote zilizo jamaa zake. Uzi wa rahisi wa sokoni unaweza kutoa rangi. Kabla ya kushona chochote cha mtoto, lowesha kipande cha uzi, kibane ndani ya kitambaa cheupe na ukiache kikauke hapo. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Tulilipuuza hilo mara moja, tukapata shuka la waridi ambalo hatukuliomba. Rangi zichaguliwe mchana, karibu na dirisha. Taa ya usiku huifanya kahawia kuwa nyekundu na kijivu kuwa kijani, na utayajua asubuhi.

Perere ni mnyama mdogo wa mitini, mnene kama sungura asiye na masikio, na usiku hupiga ukelele ambao wageni wetu kutoka Mombasa huuamkia wakisoma Ayatul Kursiy. Rangi yake haina jina: si kijivu, si kahawia. Kwa hiyo tia unyuzi mmoja wa kijivu na mmoja wa kahawia katika tundu moja la sindano, na ushone kwa vyote viwili pamoja. Rangi zitajichanganya zenyewe. Mgongoni ana kibaka cha nywele za rangi ya samli, usikisahau.

Nungunungu ni rahisi. Kila mwiba ni mshono mmoja mrefu wa nyuzi mbili nyeupe, kisha vijishono vifupi vyeusi vinavyoukata kwa mapande. Miiba isilingane urefu na ipishane. Wakulima wa viazi wa huku watawaambia kwamba mnyama huyu hastahiki heshima ya kudariziwa.

Jicho hushonwa mwisho, kwa kahawia iliyokolea wala si kwa nyeusi, mishono ikilala sambamba bila nafasi, na nukta moja nyeupe upande wa juu unakotoka mwanga. Nukta ikiwekwa katikati, mnyama hushangaa.

Nimeahidi majani. Anayeepuka viumbe vyenye roho ana msitu mzima wa kushona: mianzi kwa mshono wa shina katika kijani mbili, moja ya manjano na moja ya moshi, mtarakwa kwa vijishono vifupi vilivyopandana, ndago na kangaga, kila jani likianza na mshono mrefu katikati. Ni kazi inayotulia machoni, na mama watoto huwaanzishia nayo wanafunzi wote, wa kauli zote.

Nirudi kwa mbega, maana kazi yake haikwisha kwa rangi. Kielelezo chake cha kwanza kilitoka katika picha niliyoletewa kutoka Diani. Mzee mmoja wa Kiogiek kutoka Mariashoni, ambaye hutuuzia asali, alikitazama kitambaa akakigeuza mara mbili, akasema, "Huyu si wetu." Alikuwa sawa. Mbega wa Diani na Kwale ana singa ndefu nyeupe mabegani na mashavuni tu, na mkia mwembamba wenye weupe mwishoni. Wa Mau ana vazi zima, na mkia unaoishia kwa kishungi kikubwa cheupe kama usinga. Kwa hiyo nyinyi wa pwani mkimdarizi mbega wenu, msimvike vazi la wetu. Na mkitaka mnyama ambaye bara hatunaye, nendeni kwa sengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke: mwili wa hudhurungi iliyokolea na kiuno cha manjano ya dhahabu. Kwa kiuno hicho uzi wa zari utawashawishi. Uacheni, maana hukwaruza ngozi ya mtoto. Manjano ya pamba, na mishono michache ya samli juu yake, itang'aa ya kutosha.

Kishungi cha mkia kina mshono wake. Vuta vitanzi vidogo vya uzi vilivyosimama, kila kimoja kimekazwa kwa kijishono chini, vikaribiane sana, kisha vikate kwa mkasi na uvichanue kwa brashi kuukuu ya meno. Kwa foronya ni mkia wa ajabu. Kwa blanketi la mtoto mchanga hapana: nyuzi zilizokatwa huweza kung'oka, na mtoto hutia kila kitu kinywani. Huko kishungi kimeshonwa kwa mishono mirefu iliyolala, ya maziwa na kijivu. Kwa sababu hiyohiyo upande wa nyuma hauna mafundo wala nyuzi zilizoruka kutoka mahali hadi mahali, na utafunikwa wote kwa bitana laini ili vidole visinase. Blanketi likichafuka, lifuliwe kwa maji baridi, na lipigwe pasi kwa nyuma likiwa juu ya taulo.

Binti yangu nilimjibu kwamba mbega huyu hatafumuliwa. Nikampa na habari ambayo mama yake alikuwa ameificha: kwamba mbega wa blanketini amepakata mtoto. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, wala hana weusi hata kidogo mpaka miezi michache ipite. Mama watoto amemweka kifuani mwa mamaye, mweupe juu ya nyeusi, na amefika mabegani uzi ukamwishia. Kesho napanda matatu kwenda Nakuru. Nimeandikiwa kwenye karatasi: vifungu viwili, rangi ya maziwa, wala si nyeupe, na nivitazame nje ya duka kabla sijalipa.

Wabillahi tawfiq.